UZI: Kurusha fataki za kununua kwenye harusi na mwaka mpya: uwanja, umbali, upepo, na zile zinazogoma

Fundi_Kololo (mleta mada)

Wadau, Desemba iko karibu na maswali yameanza. Wengi huuliza wanunue fataki gani, wachache huuliza watazirushia wapi. Mimi naona swali la pili ndilo linaloamua kama usiku utaisha vizuri. Baruti imeshapimwa na kufungwa kiwandani. Kazi inayobaki kwako ni uwanja: nani asimame wapi, upepo unaenda wapi, kitu kikianguka kiangukie wapi. Tuzungumzie hayo kwa vipimo.

Anzeni na kiwanja chenyewe. Kiwanja cha fiti 50 kwa 100, ambacho wengi wetu hapa Kampala na vitongojini ndicho tulichojengea, ni takriban mita 15 kwa 30. Ondoa nyumba, ondoa gari, ondoa hema la wageni. Ua unaobaki mara nyingi haufiki mita 10 upande wowote.

Sasa soma boksi. Ukikuta alama ya CE (ya kukidhi kanuni za Ulaya) na herufi F yenye namba, maana yake ni hii:

F1 ni vitu vidogo vya mkononi na mezani, umbali kuanzia mita 1. F2 ni vya nje, eneo dogo, angalau mita 8. F3 ni vya uwanja mpana. Sheria ya Ulaya inaanzia mita 15, lakini maboksi mengi ya F3 yanaandika mita 25, na mimi nashauri 25 iwe ndiyo kima cha chini. F4 ni ya wataalamu peke yao, haiuzwi kwa mtu wa sherehe. Umri wa chini wa kununua kwa Ulaya ni miaka 12, 16 na 18 kwa F1, F2 na F3.

Mita 25 kila upande maana yake ni duara lenye upana wa mita 50. Hakuna kiwanja cha fiti 50 kwa 100 kinachobeba hilo. Kwa hiyo ukiwa nyumbani, baki na vitu vya F1, na chemchemi (zile zinazomwaga cheche juu kutoka chini) za F2 ikiwa tu una mita 8 wazi kila upande. Ukitaka keki kubwa za F3 (maboksi ya mirija mingi inayolipuka mfululizo), tafuta uwanja wa shule au wa mpira. Uwanja kamili wa mpira ni kama mita 105 kwa 68: weka fataki karibu na goli moja, wageni nyuma ya goli la pili, na una nafasi ya kutosha.

Kuna na alama nyingine kwenye katoni la nje, ile ya rangi ya chungwa: 1.4G au 1.3G. Hiyo inahusu usafirishaji na uhifadhi. Fataki za kawaida za dukani ni 1.4G. Ukiona 1.3G, mara nyingi hicho ni kitu cha wenye leseni, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "ni kama zile nyingine".

---

Dada_Entebbe

Naongezea upande wa ruhusa maana watu huuacha hadi tarehe 30.

Kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza kwamba anayetaka kurusha fataki aombe idhini kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Barua yako iwe na vitu hivi, usisubiri kuulizwa: mahali hasa (mtaa, parishi, divisheni), tarehe na saa ya kuanza na kumaliza, aina na idadi ya fataki, zilinunuliwa wapi, jina na simu ya anayewasha, makadirio ya watu, na mchoro mdogo wa uwanja unaoonyesha mahali pa kurushia, mahali pa watazamaji, milango ya kutokea na njia ya gari la wagonjwa. Mchoro wa kalamu unatosha mradi vipimo viwe vya kweli.

Nakala moja mpelekee mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lako, nyingine mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa). LC1 si mapambo. Yeye ndiye anajua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina mtoto mchanga, nani anafuga ng'ombe nyuma ya ua. Majirani waambiwe saa kamili ili wafungie mbwa ndani.

Na ukiwa upande wa Entebbe, Katabi au Abayita Ababiri, ulizia pia mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuchagua saa. Ndege zinashuka usiku.

---

Mgeni_Mbarara

Asanteni. Je, mtu akitaka kupunguza gharama, hawezi kuchanganya baruti mwenyewe nyumbani kwa ajili ya fataki ndogo za kujifurahisha? Naona watu wanaongelea hilo mtandaoni kama jambo jepesi.

---

Mkemia_Wandegeya

Ndugu, hapana, na naomba uzi huu usiingie kwenye vipimo vya hilo. Kwanza, kutengeneza baruti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Milipuko. Pili, kuna sababu za kikemia ambazo haziondoki kwa kuwa mwangalifu.

Mchanganyiko wa baruti unabeba oksijeni yake mwenyewe ndani. Ukishawaka, kuufunika hakuuzimi. Moto wa mafuta ya kupikia unaufunika kwa kifuniko na unakufa, huu haufi. Halafu chembe kavu laini zinaweza kuwashwa na msuguano, na kipigo, au na cheche ya umeme tuli kutoka kwenye sweta ambayo hata hukuihisi. Wengi wanaoumia huumia wakati wa kusaga, kuchekecha na kujaza, mikono na uso vikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye kitu chenyewe.

Na jambo ambalo watu hawalifikirii: kasi ya kuungua inabadilika sana kwa ukubwa wa chembe, unyevu na jinsi ulivyoshindilia. Viwanda vina mashine, vyumba vilivyotenganishwa kwa kuta, na vipimo kwa kila fungu. Nyumbani huna njia ya kujua kama fungu la leo litaungua kwa sekunde tatu au kwa nusu sekunde. Na nusu sekunde haikutoshi hata kunyoosha mgongo.

Kama pesa ni tatizo, nunua chache. Keki moja nzuri ya dakika moja, watu wakiwa wamesimama mahali sahihi na taa zimezimwa, inawafurahisha wageni kuliko mrundo wa vitu vidogo vinavyolipuka ovyo kwa nusu saa.

---

Fundi_Kololo

Namuunga mkono mkemia kwa asilimia mia. Turudi uwanjani.

Jinsi ya kuweka keki. Keki ni lile boksi lenye mirija mingi ndani inayolipuka mfululizo kwa utambi mmoja. Watu huiona ni kitu chepesi kwa sababu unaiweka chini na kuiwasha. Hatari yake kubwa ni kupinduka. Kila mrija unapofyatua, unasukuma boksi chini na pembeni. Kwenye nyasi laini au udongo uliolowa, upande mmoja unazama, boksi linalala, na risasi zinazobaki (fataki za ndani ya mirija) zinaenda kwa wageni.

Kwa hiyo: laza kwanza ubao mnene wa plaiwudi, kama milimita 18, upana wa kuzidi boksi kwa kiganja kila upande. Hakikisha umelala sawa kwa kutumia pimamaji ya fundi. Weka keki juu. Kisha zungusha magunia ya mchanga pande zote nne, yafike theluthi mbili ya urefu wa boksi. Gunia la kilo 10 hadi 15 kila upande linatosha kwa keki ya kawaida. Usitumie matofali wala mawe. Mrija ukipasuka pembeni, mchanga unameza nguvu, tofali linageuka vipande vinavyoruka.

Kama huna magunia ya kutosha, pigilia vigingi viwili vya mti ardhini, kimoja kila upande mrefu wa boksi, ukilifunga kwavyo kwa mkanda wa gundi mpana. Vigingi viwe vifupi kuliko boksi. Kikizidi kimo, kinasimama njiani mwa risasi.

Angalia mshale au maandishi "upande huu kwa watazamaji". Zipo keki zinazorusha wima na zipo za feni, zinazopepea kushoto na kulia. Feni lazima ipepee sambamba na mstari wa wageni. Ukiigeuza nyuzi 90, risasi za pembeni zinawapita kichwani. Hili kosa linatokea gizani, kwa hiyo panga keki zote mchana, chora mshale mkubwa kwa kalamu nene upande wa wageni, na usizihamishe tena.

Kuwasha. Utambi wa kawaida si mrefu. Kanuni za Marekani zinataka uungue kwa sekunde zisizopungua 3 na zisizozidi 9. Jipangie kana kwamba una 3. Njia yako ya kurudi nyuma iwe safi: hakuna kamba ya hema, hakuna waya, hakuna shimo. Tembea njia hiyo mara kadhaa wakati bado kuna jua. Washa kwa kijiti kirefu cha kuwashia au tochi ya gesi ya fundi bomba, mkono umenyooka, mwili pembeni. Kichwa hakipiti juu ya mirija hata mara moja, hata kabla ya kuwasha, hata kuchungulia kama utambi umekaa vizuri. Kibiriti na laita ya sigara vinakulazimisha uiname karibu. Viache mfukoni mwa mtu mwingine.

Anayewasha asiwe amekunywa. Avae shati la pamba mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya kufunika, miwani ya kinga yenye alama ya EN 166 na vizibo vya masikio. Nailoni inayeyuka na kugandana na ngozi.

---

Upepo_wa_Ziwa

Naleta ya hali ya hewa maana kwetu ina tabia zake.

Pembezoni mwa ziwa, mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka: unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mtu wa Ggaba, Munyonyo au Entebbe akipanga uwanja saa kumi jioni kwa kufuata upepo wa saa hiyo, ikifika saa sita usiku moshi na mabaki vinaweza kuelekea upande mwingine kabisa. Pima tena saa moja kabla ya kurusha. Na juu ya vilima vya Kampala upepo unazunguka kufuata bonde, kwa hiyo usitegemee utabiri wa simu peke yake. Funga utepe mwepesi wa kitambaa kwenye fito ya mita tatu na uutazame kwa dakika kumi.

Bila kipimo, tumia miti. Majani na vitawi vidogo vikicheza bila kutulia, ni kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa: roketi acha, keki na chemchemi endelea. Vumbi na karatasi zikianza kuinuka, ni 20 hadi 28: ongeza umbali wa upande upepo unakoenda hadi mara mbili, na punguza keki za feni. Miti midogo ikiyumba mizima, umepita 29: ahirisha. Hakuna bwana harusi anayefaa kuungulia paa la jirani.

Wageni wakae upande upepo unakotoka. Wapigapicha nao wanataka moshi uende nyuma ya picha, na ukifanya hivyo moshi kweli unaenda nyuma, mbali na watu. Kila mtu anapata anachotaka.

Angalia mapaa. Mabati hayashiki moto kirahisi, ila maloji na baa nyingi zina paa la nyasi au mafunjo. Cheche moja katika Januari kavu inatosha. Ndani ya mita 100 upande wa upepo unakoenda kusiwe na paa la nyasi, ghala la mkaa, wala mahali pa kuuzia petroli ya chupa kwa boda boda.

Radi sasa. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani. Kama unatumia viwashio vya umeme na waya, radi iliyo mbali inaweza kuamsha mkondo kwenye waya bila wewe kugusa kitu. Kanuni rahisi: ukiona mmweko, hesabu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukisikia ngurumo kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Kila mtu aondoke uwanjani, na asirudi hadi zipite dakika 30 bila ngurumo yoyote.

---

Mpambaji_Jinja

Na mvua? Mwezi wa nne na wa tano tunapata harusi nyingi, na mvua haingoji.

---

Upepo_wa_Ziwa

Funika kila keki kwa kaveera (mfuko wa plastiki) jembamba lililokazwa kwa mkanda, na uliondoe dakika za mwisho. Usilifunge chini, maji yanakusanyika. Inua ubao kwa vipande viwili vya mbao ili maji yapite chini yake, halafu kaza upya kwa magunia.

Keki iliyoloa ndani, iache. Usiianike juani, usiiweke karibu na jiko, usiipeleke sherehe nyingine. Kadibodi iliyoloa hulegea, mirija hupasuka pembeni, na baruti iliyokauka upya haina tabia ile iliyotoka nayo kiwandani. Iloweke na kuitupa kama zile zilizogoma.

---

Kijana_wa_Gulu

Vipi kuhusu roketi na yale makombora ya mviringo ya kutumbukiza kwenye bomba? Huku kuna anayeuza makombora na kusema unaweza kutumia bomba lolote la maji.

---

Fundi_Kololo

Huyo anauza hatari. Kombora likilipukia ndani ya bomba la PVC la maji, bomba linavunjika kuwa vipande vikali ambavyo hata kwenye picha ya eksirei ya hospitali havionekani kirahisi. Chuma nacho kinageuka mabomu. Wataalamu hutumia mabomba ya poliethilini nzito au ya nyuzi za kioo, yaliyofungwa kwenye fremu na kuzungushiwa mchanga.

Na umbali wake ni wa aina nyingine kabisa. Kiwango kinachotumika Marekani ni mita 21 kwa kila inchi ya kipenyo cha kombora. La inchi 3 linataka mita 64. La inchi 4, mita 85. La inchi 6, mita 128. Hiyo ni nusu kipenyo ya duara tupu, wala si umbali wa mbele tu. Hata uwanja mkubwa wa Kololo unahitaji kupanga kwa makini. Kama kazi yako inahitaji makombora, kodisha watu wenye leseni na uwaombe wakuonyeshe barua ya polisi kabla ya kulipa.

Roketi: iteremshe kwenye bomba lililozikwa ardhini, fito yake ipande na kushuka bila kukwama. Ikikwama, roketi inawaka ikiwa imesimama palepale. Usikate fito kuifanya fupi. Hiyo fito ndiyo usukani. Bomba lielekee mbali kidogo na wageni. Na kumbuka fito inarudi chini mahali fulani, kwa hiyo maegesho ya magari yasiwe upande huo. Ndani ya Kampala iliyojengeka mimi sishauri roketi kabisa. Hujui zinakoangukia.

---

Meneja_wa_Ukumbi

Wengi sasa hawarushi nje, wanataka cheche ndani ya ukumbi wakati maharusi wanaingia au wakati wa keki. Tuambieni ukweli wake.

---

Mkemia_Wandegeya

Kuna vitu vitatu tofauti vinavyoitwa kwa jina moja, na ni lazima kuvitenganisha.

Chemchemi za baruti, zile za boksi: ndani ya jengo hapana. Februari 2003 huko Rhode Island, Marekani, chemchemi za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti ukutani na watu 100 wakafa. Januari 2013 huko Santa Maria, Brazil, fataki jukwaani iliwasha sponji ya dari kwenye klabu ya usiku na watu 242 wakafa. Wengi waliuawa na moshi wa sponji, ndani ya dakika chache. Kumbi zetu zimejaa vitambaa vya mapambo darini, maua ya plastiki na sponji. Ni mazingira yale yale.

Vijiti vya cheche, pamoja na vile vinavyochomekwa kwenye chupa za baa: ncha yake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Waya hubaki wa moto muda mrefu baada ya mwanga kuisha, na hapo ndipo watoto huungua. Nje tu, mkono umenyooka, kimoja kwa mtu mmoja, na ndoo ya maji ya kutumbukiza kila kilichoisha.

Mashine za "moto baridi": hazina baruti. Zinapuliza chembechembe za metali, hasa titani, zikiwa zimepashwa joto. Jina linadanganya. Juu kabisa cheche zimeshapoa, lakini mdomoni mwa mashine zinachoma. Acha angalau urefu wa cheche pamoja na mita 2 juu hadi dari au kitambaa, na pande zote kusiwe na shela ya bibi harusi. Zikishika moto wa metali kwenye chombo cha chembechembe, usimwage maji. Metali inayoungua humenyuka na maji na moto huongezeka. Mchanga mkavu. Weka ndoo ya mchanga karibu na kila mashine, na mtu mmoja anayejua ni ya nini.

---

Dada_Entebbe

Hapa nataka niongee kuhusu watu, maana tunaongea sana kuhusu vitu.

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la maduka huko Namasuba, barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa, wengi wao watoto na vijana. Fataki haikumgusa hata mmoja. Walibanwa kwenye njia wakati umati ulipokimbilia nje kwenda kuzitazama na kurudi. Hilo lazima liwe ndani ya mpango wa kila mtu anayerusha fataki mahali penye ukumbi.

Chanzo ni kwamba tunaita watu wengi wapite mlango mmoja kwa wakati mmoja kwa sababu ya kitu cha dakika tano. Kwa hiyo: usimruhusu MC atangaze "tokeni nje mkaone". Wageni wapelekwe nje dakika 20 hadi 30 mapema, meza kwa meza, kupitia milango yote. Milango ifunguliwe na ifungwe kwa ndoana ikiwa wazi, isiwe na askari anayeachia na kuzuia. Ngazi ziwe na taa. Watoto wakae na wazazi, wasitangulizwe mbele. Na fataki zikiisha, muziki uendelee nje kwa robo saa, ili watu warudi kidogo kidogo wenyewe. Kama milango haitoshi au haifunguki, fataki zisirushwe. Hapo sina mjadala.

Mstari wa kuzuia watu uwe kamba halisi kwenye vigingi, si utepe wa plastiki chini ya miguu. Mtu mmoja wa zamu kila mita 15 hivi, mgongo kwa fataki, macho kwa watu. Kila mmoja awe na neno moja la kusimamisha ambalo anayewasha analitii bila kuuliza.

---

Mgeni_Mbarara

Nimeelewa kuhusu baruti, asanteni. Swali lingine: utambi ukizimika au keki ikisimama katikati?

---

Fundi_Kololo

Hapa ndipo mikono na macho hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ikigoma, usiiendee. Utambi unaweza kuwa unafuka ndani ya kadibodi bila moshi kuonekana. Subiri dakika 30 kamili kwa saa, si kwa kukadiria. Wakati huo tangaza kwamba onyesho limeisha, wageni wabaki nyuma ya kamba. Usiwashe mara ya pili, hata kama utambi unaonekana mrefu na mzuri.

Baada ya dakika 30, mtu mmoja tu, mwenye miwani, anakwenda kwa upande na kumwagia maji mengi kutoka mbali, kwa mpira wa bustani au ndoo yenye mpini mrefu. Kisha anaiacha ilowe tena. Baadaye inatumbukizwa nzima kwenye pipa la maji, ikandamizwe na jiwe izame, ibaki humo angalau siku nzima. Keki kubwa zina plastiki na gundi, maji yanaingia taratibu, kwa hiyo siku mbili ni bora. Ikilainika na kupukutika, ifunge kwenye mfuko na uulize polisi waliokupa idhini jinsi ya kuikabidhi.

Ikipinduka ikiendelea kulipuka, hakuna anayeikimbilia kuisimamisha. Watu wa zamu wanapiga kelele "lala", wote wanainama nyuma ya kitu kigumu na kugeuza nyuso. Inaisha yenyewe kwa muda ulioandikwa kwenye boksi.

---

Mpambaji_Jinja

Na mabaki ya kawaida, yale maboksi matupu?

---

Fundi_Kololo

Usiyaite matupu. Katika keki ya mirija 100 mmoja au miwili inaweza kubaki na risasi. Pita usiku huo huo kwa tochi baada ya kusubiri, lowesha yote, halafu pita tena alfajiri kwa mwanga wa jua. Sitaki mtu aruke hatua hii. Watoto wa mtaa huamka mapema kuliko wenye sherehe, na kitu cha rangi kwenye nyasi ni cha kuokotwa. Pangeni watu mstari mmoja, hatua mbili kati yao, mpite uwanja wote na nje ya uwanja upande upepo ulikoenda.

Na yasichomwe. Mitaani kwetu takataka huchomwa asubuhi pembeni ya barabara, na boksi la keki lenye risasi moja ndani likitupwa kwenye moto huo, anayelipata ni mama anayepita au mtoto anayeota moto. Kila boksi lilowekwe kwanza, lipasuliwe likiwa limeloa, ndipo liende kwa gari la takataka.

---

Muuguzi_Mulago

Niruhusuni ya huduma ya kwanza, kwa ufupi.

Ngozi ikiungua: maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si siagi, si unga. Vua pete na saa kabla ya kuvimba. Kitambaa kilichogandana na ngozi usikivute. Funika kwa nailoni safi ya jikoni au kitambaa safi kisichotoa nyuzi, nenda hospitali.

Jicho ni tofauti, na hapa watu hukosea kwa nia njema. Jicho lililopigwa na fataki halioshwi, halisuguliwi, halikandamizwi, halipakwi marhamu. Linaweza kuwa limepasuka, na mkandamizo wowote unatoa vilivyomo ndani. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiweke juu ya mfupa unaozunguka jicho bila kugusa jicho, kibandike, mketishe mgonjwa wima, asipewe aspirini wala ibuprofeni, na aende hospitali mara moja. Andika kwenye karatasi namba ya gari na jina la dereva kabla ya sherehe kuanza. Saa sita usiku wa mwaka mpya barabara za Kampala hazipitiki, kwa hiyo gari liegeshwe likitazama nje na dereva asinywe.

---

Meneja_wa_Ukumbi

La mwisho kwangu: nikinunua wiki mbili mapema, nihifadhi wapi?

---

Fundi_Kololo

Kama unaweza, usinunue wiki mbili mapema. Muuzaji mwenye leseni ana ghala, mwache akae nazo hadi asubuhi ya siku yenyewe.

Kama ni lazima: chumba kikavu chenye kufuli, ambacho hakuna anayelala ndani wala juu yake, si jiko, si chini ya ngazi ya kutokea. Si stoo ya mabati inayopigwa na jua. Ziwe juu ya mbao, zisiguse sakafu, ndani ya katoni zake za asili. Petroli, mafuta ya taa, mitungi ya gesi, betri za gari na jenereta visikae chumba hicho. Weka kizima moto cha poda cha kilo 6 nje ya mlango, si ndani. Mei 13, 2000, ghala la fataki liliungua katikati ya makazi ya watu huko Enschede, Uholanzi, likaua watu 23 na kubomoa mtaa mzima. Lile lilikuwa ghala kubwa, lakini sababu ya kutoziweka karibu na wanaolala ni ile ile.

Kusafirisha: buti ya gari lililofungwa, katoni hazihami, hakuna anayevuta sigara, abiria wachache. Si juu ya boda boda katikati ya miguu ya dereva, na si kwenye taksi ya abiria 14. Ukiwa njiani beba nakala ya idhini na risiti, askari wa barabarani watazitaka, na wana haki ya kuzitaka.